Kifungo cha Ree ya Kopa

Shughuli nzima ilinigharimu neno "mzuri". Halikwenda peke yake. Lilichukua na jamaa zake: mtamu, mnono, wa aina yake, na lile "chukua utanikumbuka" ambalo dalali wa samaki asipokuwa nalo ni kama fundi cherahani asiye na sindano. Nimeyahesabu mara mbili, kwa sababu mimi kila kitu nahesabu mara mbili, na mara zote mbili yamekosekana yaleyale. Nimenadi samaki marikiti ya Darajani tangu ujana mpaka mgongo uliponiambia basi, na karibu muda wote huo sikuwa na ruhusa ya kumsifu hata dagaa. Nyinyi vijana mnaoshika jiwe leo mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Nilifanya hivyo: nimefungwa mdomo, na kilichonifunga ni karata.

Nilianza mwaka sitini na nne, mwaka ambao Unguja nzima watu walikuwa wakianza kitu. Wapo walioanza kuwa wakubwa. Mimi nilianza kuwamwagia samaki maji. Kwa asiyewahi kuingia kwetu, jiwe ni kile kiukuta kipana cha saruji ambacho samaki hulazwa juu yake wakati wa mnada, na kila dalali ana lake. Wavuvi huleta mali, dalali hunadi, mnunuzi hulipa, na dalali hupata fungu lake kwa ajili ya maneno aliyosema. Hana chombo kingine. Ndoo, gunia la kufunikia na kisu ni vya kumwonesha mtu kwamba unafanya kazi.

Jiwe nililotumwa kulisugua lilikuwa la Mzee Feruzi, jirani yetu wa Kikwajuni, mtu mfupi ambaye ujana wake akinadi papa watu wa Malindi walikuwa wakigeuka. Nilipomkuta mimi sauti ilikuwa imeshaanza kumtoroka. Asubuhi alikuwa nayo, adhuhuri alibaki na nusu, na alasiri akikuita unadhani mlango unafunguliwa. Kila mtu alijua kwamba jiwe lile litakwenda kwa mmoja wa wasaidizi wake wawili. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Salmini, ambaye tukimwita Salmini Redio, kwa sababu hakuna aliyepata kumzima.

Siku ya kwanza nilifika na kisu kipya, nimekinoa usiku kucha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Kisu, mzee."

"Kirudishe kwenu, mamako atakitafuta. Karata wajua?"

Nikadhani ananitania. Nikasema najua kidogo.

"Kidogo namna gani? Kidogo cha mtu anayejua, au kidogo cha mtu asiyejua?"

Nikakitazama kisu changu. Akatikisa kichwa. "Ushaanza vizuri. Hapo sijui upi ni ukweli."

Baada ya sala ya alasiri, marikiti ikishasuguliwa, madalali walikaa baraza ya nyuma, kwa muuza kahawa, wakacheza wahedi na sitini. Ni mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako anakaa mbele yako. Upande unaokusanya pointi sitini na moja umeshinda. Ree ndiyo karata kubwa kupita zote, seti inaifuata, karata za picha tukiziita mizungu, na kopa, shupaza, uru au pau, mojawapo huwa turufu, inazila nyingine zote. Hayo mkiyashika yanatosha. Kilichobaki ni kusema.

Maana pale watu walisema kuliko walivyocheza. Haikukatazwa kusema una nini mkononi, wala haikukatazwa kudanganya. Mtu alilia hana kitu naye ameshika ree mbili. Mtu aliimba. Salmini alikuwa akiitangazia baraza nzima karata alizonazo, alizowahi kuwa nazo, na alizotaraji kupata, na katika hizo ilikuwa juu yako kuchagua.

Mzee Feruzi alinikalisha mbele yake nikawa mwenza wake, na kila mkono ukimalizika alinifundisha kwa ile nusu ya sauti. Anayeuliza "turufu ni nini vile?" anaijua, anataka udhani hana. Anayelalamika mapema, mwache. Anayelalamika akiwa amechelewa, huyo kweli hana. Anayeapa, muulize tena baada ya karata moja: mkweli atajibu kwa maneno mengine, kwa sababu anakumbuka jambo lenyewe, mwongo atakuletea maneno yaleyale, kwa sababu ndiyo aliyoyakariri. Hili la kuuliza mara mbili lilinikaa, likaniharibia urafiki mwingi, lakini jiweni lilinifaa. Mvuvi akiniambia "wa leo hawa", niliwamwagia samaki maji, nikazungumza habari za mwanawe, kisha nikauliza tena.

Sasa sikilizeni jambo la kifungo, maana ndilo lililonitia hapa. Hatukuwekeana pesa. Kamari ni haramu, na miaka ile kulikuwa na watu wengi wa kutosha wa kutuuliza tumekaa pale tunafanya nini. Lakini mchezo bila ya kuumiza mtu si mchezo, basi wazee wa baraza walikuwa na dawa yao. Upande ulioshindwa hauruhusiwi kusifu kitu chake chochote mpaka uushinde upande uleule uliowafunga. Si karata zako, si nguo yako, si mkeo, si samaki wako. Na kumwita wa jana wa leo nako kulihesabiwa kusifu. Kifungo hicho hakikuishia barazani. Kilikufuata mpaka jiweni, na madalali wote walikuwa mashahidi. Ukijisahau ukasema "nguru mnono huyu", pande zote wangepiga kelele, "Kifungo! Kifungo!" na wateja wangecheka, na samaki angerudi kwenye gunia.

Kwa kawaida haikuwa taabu. Umefungwa Jumatatu, Jumanne unacheza na walewale, unajifungua, unarudi kudanganya watu kwa amani.

Mwaka sitini na tano, siku mbili kabla ya Ramadhani, aliingia barazani Mzee Pandu. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mwenye mashua na mitego yake kule kusini, aliyekuja na gari la shamba kutafuta dalali wa kumuuzia samaki mjini. Mtu mrefu, mkavu, anayesema polepole kama anayevuka tope. Alifuatana na shemeji yake, Mcha, ambaye alikuwa hasikii. Si kwamba hasikii vizuri. Alikuwa hasikii kabisa. Mzee Feruzi aliwakaribisha kahawa, kisha akawakaribisha karata, kwa sababu yeye mtu akitaka kufanya biashara naye alikuwa anataka kwanza amsikie anavyosema uongo.

Tukakaa: mimi na Mzee Feruzi, Mzee Pandu na Mcha. Salmini alisimama nyuma akitangaza.

Karata zikagawiwa, turufu ikatoka kopa. Mzee Pandu akazitazama zake, akasema, "Nna ree ya pau, na mzungu mmoja, na hizi nyingine takataka."

Baraza ikacheka. Salmini akasema, "Huyu kaja na masihara ya shamba!"

Tukacheza. Alikuwa na ree ya pau, na mzungu mmoja, na nyingine zilikuwa takataka.

Tukasema bahati. Mkono wa pili akasema, "Leo sina kitu kabisa." Mzee Feruzi akanikonyeza, tukacheza kwa woga kama tunaokanyaga miba, tukamwachia mizungu yote, kumbe hakuwa na kitu kabisa. Mkono wa tatu nikatumia dawa yangu. Nikamuuliza, akajibu. Nikangoja, nikamuuliza tena, akajibu kwa maneno mengine. Dalili zote za mkweli. Nikajiambia: huyu ni mwongo wa daraja ambayo sijapata kuiona.

"Mzee Pandu," nikamwambia, "wewe hudanganyi?"

"Kwani karata hazitaonekana?"

"Zitaonekana."

"Basi nidanganye ya nini?"

Mcha alikuwa akituangalia midomo na kutabasamu. Alicheza vizuri sana, kwa sababu alichokuwa nacho ni karata tu.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa kuamua. Turufu kopa tena. Mimi nimeshika seti ya kopa, na nikila nayo tumeshinda. Inayoweza kuiua ni ree peke yake. Mzee Pandu akanitazama usoni, kwa huruma kabisa, akasema, "Mwanangu, ree ya kopa nnayo mimi."

Nikafikiri. Niliwahi kufikiri zaidi siku ya posa yangu, lakini si kwa mengi. Mtu mwenye ree ya turufu hasemi. Anayesema hana. Asiyekuwa nayo anataka nisicheze seti. Nikaicheza.

Mzee Pandu akaiweka ree ya kopa juu yake, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Nilikwambia," akasema, na akasikitika kweli.

Vicheko vya baraza vilisikika mpaka stendi. Tukawa tumefungwa, mimi na Mzee Feruzi. Mimi sikujali sana, nikasema kesho tutajifungua. Mzee Pandu akainuka, akapangusa kanzu. "Kesho nipo Makunduchi. Karata nzuri, lakini zinakula siku." Akamwambia Mzee Feruzi kwamba atamletea samaki wake, akamshika Mcha mkono, wakaenda kupanda gari.

Hapo ndipo nilipoona shimo nililoingia. Kifungo kinafunguliwa na upande uleule. Upande uleule umekwenda zake shamba. Na siku ya pili yake ilikuwa vunja jungu, siku ya mwisho kabla ya mfungo, ambayo Unguja nzima inakula kama inayohama, na Mzee Feruzi alikuwa ameshatangaza: nitakayemwona siku hiyo ananadi sawasawa, huyo ndiye wa jiwe. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kutangaza hilo tu.

Salmini alikuja kunipa pole. Alinipa pole ndefu.

Asubuhi marikiti ilijaa mpaka njiani. Mzee Feruzi akagawa mali: nusu ya jiwe kwa Salmini, nusu kwangu. Salmini akaanza. "Nguru huyu! Nguru huyu mamake alikuwa nguru, babake alikuwa nguru! Hajapata kushuka Darajani wa namna hii! Ukimtia nazi, jirani atahamia kwako!" Na kadhalika. Nami nina nguru wangu, wamefika jana kwa gari, na pande zote nne madalali wamenikodolea macho wakingoja niteleze.

Nikavuta pumzi. "Nguru huyu," nikasema, "ni wa jana asubuhi."

Wateja wa Salmini wakageuka.

"Barafu haikumtosha. Jicho la kushoto limeingia ndani kidogo. Minofu anayo, lakini nimepata kuona wenye zaidi."

Bi Tatu, muuza samaki wa kukaanga, mama mpana aliyekuwa akinunua kwetu kila siku na kutukana kila siku, akaweka kapu chini. "We! Mbona wamtukana samaki wa watu?"

"Simtukani, Bi Tatu. Namwelezea."

"Dalali gani anaelezea?" Akawageukia wenzake. "Huyu kashamuuza huyu nguru. Kamwekea mtu. Sisi anatufukuza!"

"Sijamwekea mtu."

"Unaona anavyokataa? Shilingi kumi!"

Mmoja nyuma akasema kumi na mbili. Nikasema kwa uaminifu wote kwamba mkia umekwaruzwa na gari. Akafika kumi na tano. Kadiri nilivyozidi kutaja aibu za samaki, ndivyo watu walivyozidi kusukumana. Nilipouambia umma kwamba taa niliyenaye ananuka kidogo upande wa tumbo, wanaume wawili walitaka kupigana. Upande wa pili Salmini alikuwa ameshafika kwa babu wa nguru, na mbele yake wamesimama paka.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Mzee Feruzi akanitazama, akalitazama jiwe tupu, akafungua mdomo kisitoke kitu. Akanipa gunia lake la kufunikia. Ndivyo jiwe lilivyokuwa langu, na Salmini akahamia jiwe la kando, tukaelewana vizuri, isipokuwa alikuwa akinisikitikia mchana kutwa.

Mambo mazuri huigwa. Haukupita muda madalali wote wakataka kifungo. Lakini kifungo hakipatikani ila kwa kushindwa, na kwa kila anayetaka kushindwa lazima apatikane wa kumshinda. Nimewaona kwa macho yangu watu wanne wazima wamekaa barazani, kila mmoja anajitahidi kufungwa. Ree zilikuwa zikirushwa kama makaa ya moto. "Chukua wewe!" "Wallahi sichukui!" "Nimeshasema sina turufu!" "Unayo, naiona!" Salmini alijifunza kudanganya kwamba ana karata mbovu ili apewe nzuri, akasahau, akashinda, akakaa siku mbili akijilaani kwa sauti. Wengine walipata vifungo vyao, ikafika Ijumaa moja marikiti nzima, jiwe kwa jiwe, inasema kweli. "Pweza huyu mgumu!" "Changu hawa wadogo, na wawili ni wa juzi!" Wateja walisimama katikati, wakageuka huku na huku, kisha wakaenda kununua maharage.

Wazee wakakutana, wakavifuta vifungo vyote vya kutafuta. Wakabakisha kimoja. "Chako ni cha haki," wakaniambia. "Ulishindwa huku unataka kushinda."

Na hapo ndipo kifungo kilipoanza kuwa kifungo. Watu walishazoea. Nikisema wa jana, wananunua kwa bei ya jana. Nikisema wa leo, wanalipa bei ya leo, wala hawaongezi kwa ajili ya shangwe, kwa sababu shangwe haikuwepo. Salmini pale kando alikuwa anampandisha dagaa mpaka anafanana na jodari. Wavuvi ni watu wenye macho. Mmoja akahama, wa pili akamfuata, mpaka ikafika msimu jiwe langu likawa pana kwa samaki nilionao. Aliyebaki bila kutetereka ni Mzee Pandu wa Makunduchi. Kila wiki gari lilishusha mapakacha yake, na yeye akija nayo hakosi kuuliza umewauzaje, nami namweleza, naye anasema haya.

"Mzee Pandu," nilikuwa namwambia, "tukae karata moja tu. Nifungue."

"Gari linaondoka, mwanangu."

Nilimfuata hadi Makunduchi mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa baharini. Mara ya pili alikuwepo, akaniambia yupo lakini hataki.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kuzito. Nilioa mwaka sitini na saba, na mke wangu, Bi Zuhura, alijua habari za kifungo kabla ya nikahi. Aliziona za kuchekesha. Ilipofika mwezi wa pili hazikuchekesha tena.

"Wali umeuonaje?"

"Umeiva."

"Umeiva tu?"

"Na chumvi ipo."

Siku ya sikukuu alijipamba, akasimama mlangoni. Mimi mtu mzima, nina macho, nikatafuta neno la kweli lisilo sifa. Nikasema, "Hiyo ni kanga mpya." Alikwenda kwa mama yake mpaka Jumatano. Nilipomwendea, mama mkwe akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu ana nini usichokipenda?" Nikamjibu hana. Akasema, "Basi sema unachokipenda." Nikamwambia nimefungwa na mzee mmoja wa Makunduchi. Baba mkwe, aliyekuwa akicheza karata Ng'ambo, ndiye aliyenielewa. Alisema sheria ni sheria.

Mwaka sabini na moja, wakati majumba ya Michenzani yanapanda na vumbi lake linatua juu ya samaki wetu, Mzee Pandu alikuja kukaa mjini wiki nzima. Alimleta Mcha hospitali. Daktari alimtazama masikio, akamsafisha, na Mcha, baada ya miaka yote ile, akawa anasikia. Niliposikia habari hiyo sikuuliza mara mbili. Nilifunga jiwe, nikaenda kumchukua Mzee Feruzi kwake Kikwajuni. Alikuwa amestaafu, sauti imekwisha kabisa, anazungumza kwa vidole. Mikono ya karata alikuwa nayo bado.

Safari hii Mzee Pandu hakukataa. "Gari ni Jumapili," akasema. "Haya, gawa."

Baraza ilijaa. Salmini akatangaza. Mcha alikaa, akasikiliza kidogo, akamgeukia shemeji yake kwa mshtuko.

"Kumbe hawa wote walikuwa wanasema?"

"Muda wote."

"Hata ile siku ya kwanza?"

"Hata ile."

"Lahaula," akasema Mcha, na akacheza vibaya tangu hapo.

Na mimi nilikuwa mtu mwingine. Miaka sita ya kusema kweli ilikuwa imenifundisha sauti ya kweli ilivyo, na Mzee Pandu nilikuwa nikimjua kama ninavyojua harufu ya samaki wa leo. Akisema anayo, nilikwepa. Akisema hana, nilipita. Kila mkono alitangaza, kila mkono ilikuwa hivyohivyo, nami kila mkono nikamwamini. Tulikuwa juu. Mzee Feruzi vidole vyake vilikuwa vinacheka.

Mkono wa mwisho turufu ikatoka kopa, na nilipozifungua karata zangu, nikaikuta seti yake imenikalia katikati. Nikila nayo, nimefunguliwa. Niliona mbele yangu asubuhi ya kesho: nguru mnono! Niliona Bi Zuhura mlangoni na kanga yake. Nikamtazama Mzee Pandu.

"Mzee, ree ya kopa unayo?"

"Sina, mwanangu."

Nikangoja karata moja ipite. Nikamuuliza tena.

"Haikunijia mimi leo," akasema. Maneno mengine kabisa. Uso uleule, huruma ileile.

Nikaicheza seti.

Akaiweka ree ya kopa juu yake, taratibu.

Hakucheka mtu. Hata Salmini alizimika, ndiyo siku ya pekee ninayoijua.

"Umenidanganya," nikasema.

"Naam."

"Wewe! Wewe hudanganyi!"

"Nilikuwa sijapata haja."

"Miaka sita, mzee! Kila neno lako la kweli!"

"Yangekuwa machache usingeniamini." Akaanza kuzikusanya karata, akazipanga vizuri kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha fujo. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nakaa Makunduchi, samaki wangu wanauzwa Darajani, sioni kinachofanyika. Unguja nzima nna dalali mmoja asiyeweza kusema uongo. Wewe ungekuwa mimi, ungemfungua?"

Nikafikiri. Kwa kuwa nilikuwa bado kifungoni, nilimjibu kweli. Nikasema nisingemfungua.

"Haya," akasema. "Kesho watakufikia changu wangu. Wa juzi lakini, uwaambie."

Nikawaambia. Nimewaambia tangu hapo, na ikawa hivi: wenye mgonjwa ndani walikuja kwangu, wenye harusi walikuja kwangu, na waliokwisha kutapeliwa na Salmini walikuja kwangu siku ya pili yake. Sikutajirika. Jiwe halikunitoka mkononi. Mkitaka la kujifunza kazini, shikeni lile la kuuliza mara mbili, lakini mjue lina mwisho wake, na mwisho wake ni mtu mwenye subira kubwa kuliko yenu.

Sasa nimestaafu, na nina shida. Mzee Pandu ametangulia mbele ya haki, Mcha naye, Mzee Feruzi naye. Upande ulionifunga haupo tena, na wazee wa baraza niliowauliza wamegawanyika: wapo wanaosema kifungo kimekufa na mwenyewe, wapo wanaosema kimekuwa cha milele. Nisingejali. Lakini mjukuu wangu, mtoto wa binti yetu, anakuja kuposwa Ijumaa hii baada ya sala, na babu wa upande wa mke ndiye atakayeulizwa habari za huyo mjukuu. Nilijaribu jana mbele ya Bi Zuhura. Nilisema mjukuu ana meno yote, hukasirika asubuhi, na anasikia anapoitwa mara ya pili. Bi Zuhura amesema nikifungua mdomo hivyo mbele ya wageni, anarudi kwa mama yake, na mama yake amekwisha kufariki.

Basi nyinyi mnaonadi leo, na ambao maneno kwenu hayana upungufu, nikopesheni mawili matatu ya sifa kabla ya Ijumaa. Yawe ya kweli ikiwezekana. Jumamosi asubuhi nitayarudisha.